Sura ya Mtu Mmoja

Pua ikatoka ileile.

Mchora mabango alirudi nyuma hatua moja, akaitazama, akaitukana. Safari hii alikuwa ameshika brashi kwa mkono wa kushoto, amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, na bado pua ikatoka ileile: mistari miwili na kivuli chini, safi, ya kuuza.

"Huyo sasa anangoja kunyolewa," alisema wifi yake kutoka mlango wa jikoni.

Neno hilo liliuma kwa sababu lilikuwa kweli. Nusu ya vinyozi wa mji ule walikuwa na vichwa vyake ukutani. Vichwa mia mbili, pua moja. Mkono uliomlisha ulikuwa umezoea njia ya mkato, na sasa haukubali kupita kwingine.

Miaka kumi na moja aliuchora uso ule, kila asubuhi kabla ya kazi. Kigoda kilekile, dirisha lilelile. Paji, nyusi, pua, mdomo. Alianza wiki ileile mumewe, katibu wa wafanyakazi wa kiwanda cha mabati, alipochukuliwa uani na kandambili miguuni, yeye na wifi wakiona, asubuhi ya mgomo. Waliomchukua walibeba na albamu, hata picha ya harusi. Kisha wakubwa wakatangaza kwamba hakuna mtu aliyechukuliwa. Waliotangaza wakapandishwa vyeo, walioona wakajifunza kukohoa na kubadili mazungumzo. Yeye akasema, haya, mdomo mtauziba, mkono wangu utakumbuka.

Mkono ukamsaliti. Ulichokumbuka kila asubuhi ni picha ya jana yake.

Jumatatu alikuwa amepeleka kwenye ofisi ya uchunguzi ile aliyodhani ni bora kuliko zote. Mwanamke wa ofisini alivaa miwani, akaivua.

"Mama, hii ni sura ya kila mtu. Tuletee ya mtu mmoja. Alhamisi saa nne. Baada ya hapo sitaweza kukusaidia tena."

Saa nne! Watu waliomkalisha kwenye mabenchi miaka kumi na moja, njoo kesho, njoo mwezi ujao, leo wao ndio wenye haraka.

Sasa ilikuwa Jumatano, na jua lilikuwa limeshapanda. Alikuwa ameanza kwa sikio badala ya paji. Alikuwa amechora kwa kitambaa. Alikuwa amehamia bafuni, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akajipa muda wa birika kuchemka na si zaidi. Alijaribu hata kufumba macho. Nyuso kumi na saba ziliegemea ukuta zikikauka, zote zimetulia, zote zikingoja mkasi.

"Wifi, pumzika. Chora hata kuku."

"Nikichora kuku atatoka na pua hiyo."

Wifi alicheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. Akapita akizigeuza picha moja moja zitazame ukuta. "Mimi siwezi kunywa chai huku nakodolewa macho. Na huyu siye. Unajua mwenyewe kwamba siye."

"Najua! Unadhani sijui?"

Akairusha brashi. Ikapita mlangoni, ikaviringika uani hadi karibu na geti. Akaifuata akibwata, akainama kuiokota, goti likakataa, akajikuta chini mzimamzima, shavu kwenye saruji.

Wifi alikuja mbio, akasimama juu yake. Kutoka pale chini mchora mabango aliona kidevu, matundu ya pua, kisha mbingu. Hakuwa amelala juu ya saruji ile kwa miaka kumi na moja.

"Nishike mkono, wifi," alisema yule aliyesimama.

"Usiniinue. Lete ubao. Lete rangi nyeusi na ile ya udongo. Wala usiniulize kitu."

Alichora vilevile alivyolala, ubao ukiegemea geti. Alianza na kidevu kwa kuwa kidevu ndicho kilichokuwa karibu. Mengine yakaja bila kuitwa, mambo ambayo mkono wake haujawahi kuyachora hata siku moja: tundu moja la pua kubwa kuliko jingine, kovu chini ya taya kama pindo lililoshonwa vibaya, shavu lililovimba kwa kitu kilichokuwa kikitafunwa polepole. Mistari ilitoka mibaya, imepinda, mingine imevuja. Hakuna kinyozi ambaye angeinunua picha ile.

Birika lilichemka jikoni, hakuna aliyekwenda kuliondoa.

Alipomaliza, wifi aliinama kutazama. Akaketi taratibu pale pale kwenye saruji, kanga yake ikiingia kwenye rangi.

"Ndiye," alisema. Kisha: "Mfunike, wifi. Anapumua."

Alhamisi saa nne mwanamke wa ofisini aliutazama ubao muda mrefu, na safari hii hakuvua miwani. Akaenda kufungua mlango wa ndani.

"Usiharakishe, mama. Hakuna anayekukimbiza."

Wanaume tisa wa makamo walikuwa wamepangwa ukutani, kila mmoja na namba kifuani. Mchora mabango alipiga magoti mbele ya wa kwanza, akamtazama kutoka chini, akajikokota kwa magoti hadi kwa wa pili, kwa wa tatu. Mbele ya wa sita akausimamisha ubao sakafuni.

"Huyu," alisema. "Huyu ndiye aliyenikanyaga shingo, wenzake wakimtoa mume wangu getini."