Dirisha la Kalunguyeye

Zamani wanyama walipoanza kuajiri mafundi, Kalunguyeye mwoga alimtaka Ngiri amjengee nyumba yenye dirisha la kumchungulia Nyoka akija. Ngiri, fundi asiyekubali kosa, akaweka kizingiti cha dirisha usawa wa pua yake mwenyewe.

“Fundi, mbona sifiki? Kishushe!”

“Ukuta wangu haubomolewi, bosi. Tunapandisha sakafu.”

Wakajaza kifusi, wakashindilia, mpaka Kalunguyeye akaona nje vizuri, akachekelea. Kugeuka, mlango wote umefukiwa! Akajipenyeza dirishani, akaangukia nje miguuni pa fundi.

“Fundi, mlango wangu uko wapi?”

“Si huo ulioupitia sasa hivi?” Ngiri akafoka, akikung'uta mwiko. “Haya, safari hii sema mapema: dirisha unalitaka wapi?”