Kiwanja Kinachoshika Maji

Siku hizi kiwanja kisichoshika maji kwa saa nzima hakiruhusiwi kukaliwa na watu. Mkaguzi Makungu alikuja na ndoo na mashine yake ya kuhesabu dakika, viatu vinang'aa utadhani anakwenda kuoa. Tukishindwa, jioni tunapakiwa kwenye lori.

Sisi wa msituni tunakaa juu ya mchanga, na chini ya mchanga ni jiwe la chokaa lenye mapango. Ukimwaga maji, hayo yamekwenda. Rutuba yetu yote ni majani yaliyooza, unene wa kidole, na mihogo imetulea hivyo hivyo miaka arobaini. Mtu wa mashine atayajulia wapi hayo?

Basi mimi na wifi yangu Mize tulikuwa tumeshafukua ua, tukatandaza udongo wa mfinyanzi, tukarudishia mchanga na majani juu.

"Pima hapa kivulini, bwana," nikamwambia, "usije ukaiva."

Akamwaga. Maji yakatulia kama ya kwenye sufuria. Mize akajifunika kanga usoni kuficha kicheko.

"Saa nzima!" mkaguzi akasema. "Hongera, Bi Mwanakheri. Hamhami."

"Alhamdulillahi. Mashine yako ina akili kukushinda."

Akacheka, akaandika. "Na kwa kuwa ardhi yenu inashika maji, bwawa la wilaya litakuwa hapa nyuma ya nyumba yako. Mabomba yanafunguliwa kesho."

Mize akaiteremsha kanga. Nikaingia ndani, nikagonga sakafu kwa mchi. Chini pakaitika kama mtungi mtupu.