Mgeni Rasmi wa Zoezi la Moto

Kila kiangazi wanyama wa bondeni walifanya zoezi la kukimbia moto. Ngiri, mwenyekiti wa kamati ya maafa, alitaka mambo yaende kwa itifaki: hakuna kuinua mguu kabla mgeni rasmi hajafungua zoezi kwa hotuba. Safari hii mgeni rasmi alikuwa Nyumbu, na kama kawaida ya wageni rasmi, alikuwa amechelewa.

Wakiwa kwenye mistari wakimsubiri, nyasi za nyuma yao zikashika moto kwelikweli.

"Mwenyekiti, tunaungua!" alipiga kelele Pimbi, ambaye kunyamaza hakukujua.

"Tulia, ndugu mjumbe. Zoezi halijafunguliwa."

"Huu si wa zoezi!"

"Basi haumo kwenye ratiba."

Mara Nyumbu akatokea akitimua vumbi, macho yamemtoka. Akapita mbele ya jukwaa bila hata salamu, akajitosa mtoni. Wanyama wakampigia makofi kwa adabu, kisha, kwa kuwa sasa zoezi lilikuwa limefunguliwa, wakamfuata mbio. Walipona wote, ila mkia wa Ngiri uliungua.

Kamati ikakaa hapohapo majini kufanya tathmini. Ngiri alisikitika sana kwamba Nyumbu hakusubiri neno la shukrani.

"Basi mwakani ualikeni moto uwe mgeni rasmi!" Pimbi alifoka. "Ndio pekee uliofika kwa wakati!"

Ngiri alifikiri kidogo, akakohoa.

"Hoja imepokelewa. Kuna anayeiunga mkono?"

Wakaiunga mkono wote.