Kiputo cha Sabuni

Mume wangu aliinua mtungi wa gesi ya kiyoyozi, akautazama, kisha akaurudisha chini.

"Jaza twende, Baba Mapacha," nilimwambia. "Keki inatoka jasho kunishinda."

Keki ilikuwa mezani, ngazi tatu za krimu, oda yangu ya kwanza ya harusi. Ukumbini ni mwendo wa saa nzima juani, na kiyoyozi cha gari kilikuwa kinapuliza kama mgonjwa wa homa. Mwenzangu ni fundi magari, kwa hiyo gari letu ndilo la mwisho kutengenezwa.

"Kila nikijaza inaisha," alisema. "Leo nataka kujua inakokwenda. Niletee povu la sabuni."

"Bibi harusi atanitoa roho!"

"Povu, mama."

Nililipiga kwa mashine yangu ya krimu, likawa zito la kujivunia. Akalipaka kwenye viungio vya bomba, kimoja kimoja. Hakuna kiputo hata kimoja. Nikaanza kutunga maneno ya kuomba radhi.

Kwenye kiungio cha mwisho kiputo kikachomoza, kikavimba polepole kama shavu la mtoto aliyenuna, kikapasuka. Kikaja kingine.

"Mpira wa kiungio umechanika!" alicheka. "Wenyewe mdogo kama pete yako."

Akaubadilisha, akajaza gesi upya, akawasha gari. Mimi nilikuwa nimeshabandika uso kwenye tundu la hewa.

"Vipi?" aliuliza.

Vinyweleo vilinisimama hadi shingoni.

"Nawa mikono," nilisema, "uje tubebe keki."