Makumbi Yasiyooza

Tangu taka za viwanda ziue vijidudu vya tope la pwani, hakuna kitu kilichooza tena ufukweni. Kila nyumba hupewa kopo moja la tope hai, la kutia chooni tu ili uchafu uoze.

Mwanakombo alilibeba kopo lao hadi kwenye shimo ambamo marehemu mama yake alifukia makumbi ya nazi, yaoze ayapige apate usumba wa kamba.

"Wifi, una wazimu!" Mize, dada wa mumewe, alimfuata akicheka. "Choo kikijaa tuje kwako?"

"Nendeni baharini. Siku hizi haina kinyaa."

Alifukua. Makumbi yalikuwa bado kama mapya, na alama za panga la mama zingalipo. Akamimina kopo zima, akafukia. Alichotamani ni ule uvundo tu, uliokuwa haubanduki mikononi mwa mama hata akimlisha wali.

Mwezi ulipopita alifukua tena, akanusa. Hakusikia harufu yoyote. Akamsogezea Mize kumbi moja puani.

"Hebu nusa wewe, labda mimi nina mafua."

Mize alinusa, akanusa tena.

"Linanuka kidogo, wifi," alisema kwa upole, bila kumtazama wala kucheka, na upole huo ndio uliomtisha Mwanakombo.