Ndege Wasioguswa na Nondo

Tk. Tk. Tk.

Alfajiri, giza bado limeijaa nyumba, binti wa mkurugenzi aliisikia tena ile sauti: brashi ikigonga ukingo wa glasi. Baba hakulala. Akajitanda shuka, akanyata asimwamshe mwanawe. Kumbe kitanda cha mtoto kilikuwa kitupu.

Aliwakuta chumba cha kazi, babu na mjukuu, vichwa vimegusana chini ya taa ya mezani. Mbele yao alisimama ndege mdogo aliyejazwa pamba, miguu myembamba kama uzi imepauka. Mzee alikuwa akiirudishia wekundu wake.

"Baba, daktari alisema upumzike."

"Nitapumzika nikistaafu. Hapo hata nikikataa watanipumzisha." Akacheka, kisha akajishika tumbo.

Ilibaki miezi mitatu. Aliingia makumbusho akiwa kijana wa kufuta vumbi, akajifunza majina ya ndege kwa kusoma vibandiko vyao. Akazunguka misituni nusu ya umri wake, akarudi na ndege elfu nne, mwisho akakikalia kiti cha mkurugenzi. Kwenye maonyesho ya kumuaga alitaka wasimame ndege wake wa kwanza, wale wa ujana.

"Waangalie," alisema, akipangusa vumbi kifuani mwa ndege kwa brashi ileile. "Miaka arobaini, hata nondo mmoja hajawagusa."

"Mama, tumbo linaniuma," mtoto akasema.

"Tumbo lako nalo linajua ratiba ya shule. Kavae."

Wiki hiyo mzee alianguka ofisini. Nywele zilikuwa zinanyonyoka, viganja vimekakamaa kama magamba. Daktari alimvuta binti kando.

"Dada, hii ni sumu. Aseniki. Haikuingia kwa mkupuo, imeingia kidogo kidogo, miezi sasa. Anakula wapi?"

"Nyumbani. Nampikia mwenyewe."

"Na kazini?"

Kazini kulikuwa na Mzee wa Chai, aliyemletea baba kikombe kila siku.

Aseniki aliijua. Ndiyo waliyopaka ngozi za ndege zamani, wadudu wasizile. Baba mwenyewe aliipiga marufuku siku ya kwanza ya ukurugenzi wake, kopo la mwisho akalifungia kabatini. Funguo zilikuwa mbili: mmoja wake, mwingine wa Mzee wa Chai.

Wawili hao walikuwa chanda na pete. Mzee wa Chai ndiye aliyekwea miti huko misituni, ndiye aliyechuna ngozi za ndege. Lakini vibandiko vyote elfu nne viliandikwa jina moja, la mkurugenzi. Mwenzake akaishia kubeba sinia.

Binti alikwenda na askari wawili. Walimkuta anasuuza vikombe.

"Umempa nini baba yangu?"

"Majani, maziwa, sukari vijiko viwili. Mwambie apunguze, mwanangu, mimi hanisikii."

"Usiniite mwanangu! Una kinyongo naye miaka yote."

"Kinyongo ninacho." Mzee alikikausha kikombe taratibu. "Nani asingekuwa nacho? Ila ningetaka afe, ningeuachia ule mto ulipomchukua. Nilimvuta kwa nywele, muulize."

Kabati likafunguliwa. Kopo lilikuwa mahali pake, kifuniko kimegandana kwa kutu hata askari akashindwa kukibandua. Binti hakutaka kulitazama mara mbili. Walilichukua, wakamchukua na Mzee wa Chai. Mlangoni aligeuka.

"Mpe pole," alisema.

Hospitali, binti aliinama sikioni mwa baba yake. Kwenye mto wa kitanda kulikuwa na nywele.

"Tumemkamata, Baba. Mzee wa Chai. Sasa utapona."

Mzee akatikisa kichwa. Akatikisa tena, kwa nguvu. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Vidole vyake vikawa vinachora hewani, kama vimeshika kitu chembamba, vikipanda hadi mdomoni na kushuka.

"Unaota kazi," binti alisema, akavifunika kwa shuka. Alitoka machozi yakimlengalenga, lakini moyo umetua. Ubaya wote ulikuwa rumande.

Alipofika nyumbani umeme ulikuwa umekatika. Jirani aliyemwachia mtoto alimpokea mlangoni.

"Katulia kama maji mtungini, hana neno. Ila chakula kakataa tena, na jana ndiyo ilikuwa hivyohivyo."

"Anamuwaza babu yake."

Jirani akaaga. Binti alibaki amesimama gizani ukumbini, akivua viatu.

Tk. Tk. Tk.

Akatabasamu kabla hajakumbuka kwamba baba yake hayumo humo ndani.

Mtoto alikuwa amekikalia kiti cha babu, magoti yamekunjwa, tochi imeegemezwa kwenye glasi. Ndege wote kumi na wawili wa maonyesho walikuwa wamepangwa mstari. Kumi na mmoja walikwisha. Wa mwisho alikuwa na mguu mmoja mweupe, na kwenye ule mwingine wekundu ulishuka hadi ukuchani bila kutetemeka, kama mkono wa mzee mwenyewe.

Mama akasogea, akauweka mkono kwenye kichwa cha mwanawe. Aliona fahari.

"Wote hawa umewapaka wewe? Umewezaje kuutoa mstari mwembamba hivi?"

Mtoto hakuinua macho.

"Unailamba kwanza ncha ya brashi, kama Babu."