Fundi Kufuli, Mtaa kwa Mtaa

Mlango ulikuwa wa chuma, na ufunguo ulikuwa umekwama upande wa mtoto.

"Bosi, zungusha tena, baba," shangazi alibembeleza.

Huko ndani mtoto wa miaka minne alijibu kwa kikohozi. Alikuwa na pumu. Kifua kilishaanza kubana, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa huku nje, mkononi mwa shangazi. Ina faida gani huku nje?

Kilikuwa chumba cha vifaa cha baba wa mtoto, kaka yake shangazi, fundi kufuli, aliyeutia mlango ule akijisifu kwamba mwizi atazeeka hapo nje. Mtoto aliitwa Bosi kwa sababu haiachi mkononi simu ya baba yake iliyostaafu. Mchana baba humpigia kutoka kazini, naye hujibu kikazi kama alivyofundishwa, nyumba nzima ikacheka.

Leo hakuna wa kucheka. Jirani aliupiga mlango bega mpaka akateguka, kisha akakimbia kutafuta mtu wa kuchomelea. Fundi mwenyewe hapatikani. Alikuwa chini kabisa ya jengo la benki, mtandao usikofika. Mganga hajigangi, ndiyo haya sasa.

Basi atafutwe fundi mwingine. Shangazi akaandika kwenye simu yake: fundi kufuli, na jina la mtaa wao.

Wa kwanza, kaka yake. Wa pili, kaka yake. Akateremka, akateremka: kaka yake tu.

Amlaumu nani? Tovuti ya kaka aliijenga shangazi mwenyewe, alipohamia kwake. Ukurasa wa kila kazi, ukurasa wa kila mtaa, kila mmoja na picha zake na maneno yake, na namba mpya juu kabisa. Kaka yake aliwahi kujitengenezea tovuti zamani, enzi za ukapera, naye shangazi akaicheka bila hata kuiona. "Ukirundika kila kitu ukurasa mmoja, nani atakuona?" Kaka akasema hiyo ilishajifia, aiache ipumzike. Na kweli ile mpya ilishika jiji zima. Mafundi wengine walizama mmoja mmoja, na kila aliyezama shangazi alimpigia vigelegele.

Kikohozi kikageuka mluzi.

"Usilie, Bosi," alisema, machozi yakimtoka yeye. Alihisi hana maana duniani.

Aliendelea kuteremka. Wakaja mafundi wa miji mingine, wasio na msaada wowote. Kisha, nyuma kabisa, akamwona mmoja wa jiji hili hili. Ukurasa mmoja tu, kila kitu kimerundikwa: kufuli, makabati, milango ya magari. Hakuna mtaa, hakuna picha, hata jina la mwenyewe hakuna. Safari hii hakucheka. Alimwombea baraka mtu huyo, yeyote yule, akabonyeza namba.

Ikaita. Ikaita. Ikapokelewa.

"Fundi hapa," sauti ndogo ikasema kwa taabu, simuni na nyuma ya mlango. "Nikusaidie nini?"